Barua kwa mwanangu anayeuguza

Usangi, Mwanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi wazima, mvua inanyesha vizuri na ndizi zipo za kutosha. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huniambii kitu. Nikikuuliza habari za nyumbani unajibu "salama tu, mama," halafu unanisomea taarifa ya mumeo, Baba Neema: kilo zimeongezeka, makohozi ya mwezi huu yametoka safi, miguu inamfa ganzi. Habari zako wewe nazipata kwa wifi yako. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba hulali, kwamba chapati umeacha kuuza, na kwamba juzi Neema alipaliwa na uji akakohoa, ukamfokea mtoto kama amevunja kitu, kisha ukajifungia chooni ukalia.

Wifi yako usimkasirikie. Mtu anayekuonea huruma hadi akapiga simu kwa mama yako si mmbea.

Unajua nimefanya unesi mpaka nikastaafu, na chumba cha kifua kikuu nakijua kilivyo. Mgonjwa anapanda mzani, anaulizwa kama bado anatoka jasho usiku, kama anakula, kama vidonge vinamchafua tumbo. Kadi yake ina nafasi ya jina la msaidizi wa matibabu, yule anayemwona akimeza dawa. Jina lako limeandikwa hapo na namba ya simu. Zaidi ya hapo hakuna anayekujua. Hakuna pa kuandika kama huyo msaidizi amekula, amelala, au ana wiki ngapi anaamka saa nane usiku kusikiliza mwenzake anavyopumua.

Unaumwa, mwanangu. Si kifua, maana ulipimwa na hukukutwa nacho. Hiyo hali yako ninaijua, nimeiona nikiwa mtoto, na ndiyo maana siwezi kukaa kimya.

Habari za bibi yako hujawahi kuhadithiwa vizuri. Nilikuwa darasa la tatu babu yako alipopelekwa Kibong'oto. Hospitali ile kule Siha ilianzishwa mwaka 1926, wakati wa Waingereza, kwa ajili ya kifua kikuu, na huku kwetu jina lake lilitajwa kwa kunong'ona, kwa sababu watu waliona anayepelekwa kule ndiyo kwaheri. Dawa za siku zile zilikuwa za mwaka mzima na zaidi, na mwanzoni sindano za streptomaisini mpaka makalio yanakufa ganzi. Kumfuata huko ni kushuka Mwanga, kutafuta basi la Moshi, kisha kutafuta usafiri wa Sanya Juu. Bibi hakuwa na nauli ya safari kama hizo.

Alibaki na sisi watoto. Majirani waliozoea kuja kuazima jembe wakawa wanaazima kwingine. Maziwa yetu yakakosa mnunuzi. Usiku bibi alitupitia mmoja mmoja na taa ya chemli, anainama, anaweka sikio mgongoni, anasikiliza. Mimi nilijifanya nimelala. Mchana hasemi. Anaweza kusimama na mwiko mkononi mpaka makande yanaungua na yeye ameyakodolea macho. Wanawake wa kanisani walisema ana mawazo, wengine wakasema karogwa. Walisema, wakaondoka. Hakuna aliyemketisha chini akamwuliza.

Babu akarudi amenenepa, shati halimfungi kifuani. Aliishi miaka mingi, na wewe ulimkuta. Aliyebaki mgonjwa ni bibi. Unakikumbuka kikombe cha bati cha babu, kile chenye alama ya msumari kwenye mkono wake? Ninyi wajukuu mlidhani ni cha heshima kwa kuwa ni cha mzee wa nyumba. Kilitengwa mwaka ule. Niliporudi na cheti changu nikamweleza bibi kwamba vijidudu vya kifua kikuu havipiti kwenye kikombe wala sahani, vinapita hewani mgonjwa akikohoa. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaenda kukiosha peke yake kwa majivu na maji ya moto. Aliogopa hadi alipofariki.

Sasa nasikia sahani ya Baba Neema unaichemsha na anakula peke yake barazani. Acha hiyo, tafadhali. Haimkingi mtu yeyote, na inakuchosha, na yeye inamwua moyo. Kinachokinga ni dawa anazomeza, dirisha lililo wazi na jua linaloingia chumbani. Makohozi yanatoka safi, kwa hiyo hatari ya kuwaambukiza imeshuka sana. Mkae meza moja.

Kuna jambo lingine nataka ulielewe, maana naona unajilaumu kwamba wenzako wanaweza na wewe unashindwa. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari mmoja Mcheki, Karel Styblo, akasaidia kuujenga. Matibabu yakafupishwa, mgonjwa akawa anameza dawa mbele ya mtu, na hesabu za wagonjwa zikawekwa wilaya kwa wilaya. Utaratibu ule uliokomazwa hapa ndio uliokuja kuenea duniani kwa jina la DOTS. Tuna haki ya kujivunia. Lakini kazi iliyokuwa ya wodi imehamia polepole majumbani. Hata kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida kama hiki cha Baba Neema, ambacho matibabu yake hapa nchini yalianzia Kibong'oto mwaka 2009 na watu wakilazwa miezi na miezi, sasa kinatibiwa karibu na nyumbani. Kwa mgonjwa ni heri kubwa. Ila zamu ya usiku aliyokuwa nayo nesi sasa unayo wewe, na wewe huna wa kukupokea asubuhi.

Uliwahi kuniuliza kwa nini yule kijana wa mtaa wa pili anamaliza kwa miezi 6 na Baba Neema amepangiwa 18. Ni kweli, mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa dawa nne wa miezi 6 kwa usugu wa aina hii, lakini si kila mgonjwa anaufaa, na daktari wake ameona yeye aende na mseto mrefu. Angalau amekwepa zile sindano za zamani. Nimewaona waliopona kifua wakabaki viziwi kwa sababu ya sindano hizo.

Lakini katika huo mseto mrefu kuna saikloserini, na hii nataka uisome mara mbili. Dawa hiyo inaweza kumvuruga mtu akili: hasira za ghafla, huzuni, kukosa usingizi, wengine mpaka kusikia sauti au kutaka kujiua. Ile vitamini B6 anayopewa pamoja nayo ni kwa ajili ya kupunguza madhara ya namna hiyo. Kwa hiyo ile siku aliyokutupia sahani ukutani akasema unamsubiri afe uolewe tena, siwezi kukuapia kwamba ilikuwa dawa, maana hata ugonjwa wenyewe unamtia mtu uchungu. Lakini mweleze nesi vilevile ilivyotokea, usiipunguze kumtunzia mumeo heshima. Dozi inaweza kuangaliwa upya. Dawa inaweza kubadilishwa. Wewe umeibeba siku ile kama siri ya ndoa, kumbe huenda ni habari ya kuandikwa kwenye faili.

Na hasira zako je? Wifi anasema umekiri kwake kwamba kuna usiku unatamani yaishe kwa namna yoyote, halafu unajiona muuaji. Nimekaa na wauguzaji wengi, mwanangu. Wake, waume, mama wa watoto, mpaka mtu na baba mkwe wake. Karibu kila aliyenifungulia moyo alikuja na neno kama hilo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake duniani. Mtu aliyechoka anatamani uchovu uishe, na akili ya usiku haichagui maneno. Asubuhi uliamka ukampimia dawa zake.

Lakini lile la pili alilonieleza wifi, kwamba unatamani ulale usiamke, sitalipita juujuu. Nakuuliza wazi, na unijibu wazi: umewahi kufikiria kujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, usingoje nifike. Mwambie wifi yako leo hii alale hapo kwako, nipigie simu hata kama ni saa tisa ya usiku, na kesho nendeni hospitali. Kukuuliza hivi hakukutii wazo kichwani. Tuliouguza watu tunajua kinyume chake.

Nikitaja afya ya akili usiruke ukasema mama anataka kunipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi nasema hivi: mtu akikosa usingizi, akakosa hamu ya chakula, akawa hafurahii hata mtoto wake, na hali hiyo ikashika siku nyingi kuliko wiki mbili, hiyo inaweza kuwa sonona. Ina tiba. Tiba yenyewe mara nyingi huanza na kuzungumza na mtu aliyesomea, na dawa zipo zikihitajika. Hospitali ya rufaa ya mkoa haikosi wa kukuona au wa kukuelekeza. Mchungaji aliposema tuombe, tuliomba, na tutaendelea. Yeye mwenyewe akiumwa jino anakwenda kung'oa.

Ukiwa huko mwulize afisa ustawi wa jamii. Dawa ni bure, lakini nauli si bure, mayai si bure, na mume aliyeacha kuendesha bajaji haleti kitu. Hilo la fedha ndilo naona linakula usingizi wako kuliko hata kifua chenyewe. Pale Rangi Tatu wateja wako walitawanyika kwa neno moja la mtu mmoja, na bado kuna wanaoamini kila mwenye kifua kikuu ana UKIMWI. Wewe ulipimwa, huna ugonjwa, na hata ungekuwa nao, chapati iliyotoka kwenye kikaango haiambukizi mtu. Kama ukiona bado hawaji, anza mtaa mwingine, hakuna aibu. Mwenye nyumba naye akirudia ule wimbo wake wa kuwatoa, mwombe mratibu wa kifua kikuu aje azungumze naye. Mimi nimewahi kutumwa kwenye nyumba za watu kwa shughuli hiyo. Koti jeupe lilinisaidia kuliko maneno.

Huko Temeke kuna MUKIKUTE, chama kilichoanzishwa na watu waliougua kifua kikuu wakapona. Waulize kliniki jinsi ya kuwapata. Mtu aliyelala kitanda kile atamwambia Baba Neema mambo ambayo wewe na mimi tukimwambia anaona tunambembeleza. Na hao nao wana wake zao. Hao ndio nataka wewe ukae nao.

Neema ana miaka minne. Chanjo ya BCG aliyopata alipozaliwa inamkinga zaidi na zile aina kali za watoto, lakini haitoshi kukaa na mgonjwa wa usugu ukasema basi. Apelekwe kuangaliwa kila wanapopanga, hata kama anacheza vizuri. Isoniazidi wanayopewa watoto wengine kama kinga haimfai yeye kwa sababu ya usugu wa baba yake. Mwulizeni daktari kuhusu levofloksasini, ambayo mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wanaoishi na mgonjwa wa namna hii. Na mtoto umwambie ukweli wa kimo chake: baba anaumwa, anameza dawa, anapona, na wewe hukumfanya augue. Sisi hatukuambiwa. Nilikaa mwaka mzima nikiamini babu amepelekwa Kibong'oto kwa sababu nilivunja kibuyu cha maziwa.

Sasa mipango. Jumamosi nashuka na basi la alfajiri. Nimemwachia shemeji yako kuku na ufunguo wa ghala, kwa hiyo usianze kuniambia shamba litakuwaje. Mwambie Baba Neema mkwe wake anakuja, na aibu za ukwe tutaziweka kando. Nimewafunga wanaume vidonda mbele ya wake zao. Vidonge vya asubuhi nitasimamia mimi. Chumba cha mbele nitalala mimi, dirisha wazi, wewe na Neema mlale kule nyuma, na Baba Neema akikohoa usiku nitaamka mimi. Wewe kazi yako wiki ya kwanza ni kulala na kula.

Siku ya kliniki twende wote watatu. Ukishindwa kufungua mdomo mbele ya nesi, nitasema mimi, ila ningependa useme wewe. Andika pembeni ya daftari la chapati mambo yanayokusumbua, hata kama ni matano tu, usiku ule ule yanapokujia. Ukifika pale kichwa kinakuwa cheupe, nawajua watu.

Nakuja na mikungu miwili ya ndizi, maharage na unga wa ulezi. Nitumie ujumbe kama gesi imeisha, nikinunua Mbagala nijue mapema, na uniambie wifi yako anapenda nini, maana nina deni kwake.

Mama yako