Picha umepigiwa Morogoro, nani ameisoma?

Wiki iliyopita mzee mmoja alitoka Turiani na mjukuu wake, akapigwa eksirei ya kifua hapa kituoni kwetu Morogoro saa nne asubuhi. Mapokezi wakamwambia majibu yatakuwa tayari saa tisa alasiri. Hakupendezwa. Akaniita pembeni, maana aliniona nimevaa koti jeupe, akasema, "Mwanangu, si wewe uliyenipiga hiyo picha? Basi niambie tu ulichokiona, niwahi gari."

Nilimwomba akae nimweleze, na nilipomaliza akaniuliza swali ambalo wengi wenu mmeshatuuliza dirishani au kwenye simu: huyo daktari mnayemsubiri yuko wapi, na ni nani? Nikaona nililijibu la mzee peke yake, na wengine bado wanajiuliza. Naandika hapa ili kila anayekuja kwetu ajue pesa yake inalipia nini.

Nianze na mimi. Mimi ni radiografa. Nilisomea stashahada miaka 3, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 15. Najua kumweka mgonjwa sawasawa, kupanga kiasi cha mionzi kulingana na mwili wake, na kuitambua picha mbovu kabla haijamfikia daktari. Nikiona jambo la hatari, mfano pafu limesinyaa kwa mtu aliyegongwa na bodaboda, sisubiri mtu: napiga simu hapo hapo na mgonjwa anaanza kushughulikiwa. Lakini kusoma picha na kuweka saini kwamba huyu ana hiki na hana kile ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia. Watu wengi hudhani anayekupiga picha ndiye anayekuandikia majibu. Ni watu wawili, wenye shule mbili tofauti.

Tofauti hiyo niliijua kwa uchungu, nyumbani kwetu.

Mama yangu aliumwa mgongo kwa miezi kadhaa. Kituo kimoja kikampiga eksirei ya kifua, wakampa filamu ndani ya bahasha ya kaki, bila ripoti. Tabibu akaiinua kuelekea dirishani, akasema mapafu yako safi, akaandika dawa za maumivu. Mama akaniletea ile bahasha. Nami niliitazama, nikiwa radiografa mwenye cheti, na mapafu yalikuwa safi kweli. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi. Miezi minne baadaye miguu ilianza kukosa nguvu, tukamkimbiza Dar es Salaam. Huko daktari bingwa wa radiolojia aliiomba ile filamu ya zamani, akaibandika kwenye kioo cha taa, akaweka kidole nyuma ya kivuli cha moyo. Palikuwa na kivuli kingine, hafifu, kimelala juu ya uti wa mgongo kama kiazi kitamu: chembamba juu, kimetuna katikati, chembamba chini. Kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kilikuwa kwenye picha siku zote hizo, na watu wawili tuliosomea afya tulikipita kwa sababu tulikwenda kutazama mapafu, tukaona mapafu.

Mama alipona. Alimeza dawa mwaka mzima na leo anatembea, ingawa mgongo umebaki na kibyongo kidogo. Nilipofungua kituo hiki, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yule daktari. Nilimwambia sitaki kutoa picha hata moja isiyo na ripoti. Akakubali, na ndiye anayesoma picha zenu mpaka leo.

Yeye mwenyewe ameomba jina lake lisizagae mtandaoni, nami namheshimu. Lakini ukija kituoni utalikuta ukutani pale mapokezi, pamoja na leseni yake na jina la hospitali iliyomwajiri, na utalikuta tena chini ya kila ripoti. Hapa nieleze njia aliyopita. Baada ya kidato cha sita alisoma shahada ya udaktari kwa miaka 5. Ukafuata mwaka 1 wa utarajali, ule wa kuzunguka wodi zote, usiku na mchana, chini ya usimamizi. Kisha akafanya kazi ya daktari wa kawaida katika hospitali ya wilaya miaka 3: akazalisha, akafanya upasuaji, akatibu malaria ya watoto. Yeye husema miaka hiyo ndiyo inayomsaidia kuliko yote, kwa sababu nyuma ya kila picha anamwona mgonjwa aliyekuwa akimshika kwa mikono. Ndipo akarudi darasani, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa shahada ya uzamili ya radiolojia. Miaka 3 mingine. Ukijumlisha shule na utarajali peke yake ni miaka 9 baada ya kidato cha sita.

Kwa hiyo bingwa wa radiolojia ni daktari kamili kwanza. Anajifunza fizikia ya mionzi, anajifunza mwili wa binadamu upya kwa vipande kama mtu anayekata mkate, anasoma maelfu ya picha akiwa na mwalimu begani anayemuuliza kila mara: kingine kipi hukukiona?

Jumamosi anapokuwa hapa, huwa napenda kumtazama akisoma. Anashusha pazia na kuzima taa. Anaanza na jina, umri na tarehe, kwa sauti, maana picha ya mtu mwingine ikisomwa vizuri bado ni majibu ya uongo. Halafu, kinyume na sisi wengine, haendi katikati. Anaanza pembeni: ncha za mapafu zilizojificha nyuma ya mitulinga, mifupa ya mabega, chini ya kiwambo, nyuma ya moyo. Akishamaliza kona zote ndipo anatazama kile alichoandikiwa na daktari aliyemtuma mgonjwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema jicho likishapata jibu linaacha kutafuta.

Sasa, yuko wapi? Hapa ndipo wateja hushtuka nikiwaambia ukweli. Ajira yake ni hospitali ya umma Dar es Salaam, huko ndiko aliko Jumatatu hadi Ijumaa saa za kazi. Kwa ruhusa ya mwajiri wake, anasoma pia picha zetu, na siku mbili kwa wiki anasoma za hospitali moja ya misheni iliyo mbali zaidi kuliko sisi. Jumamosi anakuja Morogoro mwenyewe. Mtu anaweza kuona ni tamaa, daktari mmoja sehemu tatu. Mimi nasema hivi: mabingwa wa radiolojia nchini bado ni wachache mno ukilinganisha na watu milioni 61 na ushee waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, na wengi wako Dar. Akikaa sehemu moja tu, sisi wa mji kasoro bahari, na hasa ndugu zetu wa Kilosa na Mvomero, tutaendelea kupewa bahasha za kaki zisizo na ripoti. Na kule hospitali ya umma anakutana kila siku na magonjwa magumu, anajadiliana na wapasuaji, anajua mwezi mmoja baadaye kama alichokisema kwenye ripoti ndicho kilichokutwa tumboni. Ujuzi huo unarudi kwenye picha yako uliyopigiwa hapa.

Kabla ya reli ya kisasa ya SGR, kuja kwake ilikuwa shughuli: basi lilikuwa linakwama Mlandizi, linakwama Chalinze, anafika amechoka. Tangu treni ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, anafika asubuhi na bado ana nguvu za siku nzima.

Mambo ya fedha pia niyaseme wazi. Tunamlipa kwa kila ripoti, kiasi kile kile akikuta ugonjwa au asipokuta. Hatumlipi daktari yeyote wa nje kwa kututumia mgonjwa. Na akiandika kwamba unahitaji CT au MRI, vipimo ambavyo sisi hatuna, hatupati chochote huko utakakokwenda. Chagua hospitali yoyote inayokufaa wewe na bima yako.

Siku ambazo hayupo, picha zinamfikia kwa intaneti kupitia mfumo maalumu, si kwa WhatsApp. Hili nalirudia kwa sababu kila siku mtu hutuuliza kwa nini tusimrushie tu picha kwenye simu ajibu haraka. Mashine yetu inarekodi eksirei kwa ngazi 4,096 za kijivu, kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa. Ukiipiga kwa simu zinabaki 256, halafu WhatsApp inaibana tena ili iwe nyepesi. Kinachopotea ni yale mahafifu, na kivuli cha mama yangu kilikuwa hafifu. Daktari anayesoma picha halisi anaweza kuongeza mwanga nyuma ya moyo peke yake, akashusha kwenye mbavu, akakuza kona. Ndiyo maana tunasema saa tisa, tusiseme dakika kumi. Ya dharura inatangulia, na tunampigia simu aifungue.

Utrasaundi ni habari nyingine. Picha zinazohifadhiwa ni chache tu kati ya zile zilizopita kwenye skrini, kwa hiyo anayeshika kifaa ndiye anayeona. Za wajawazito nazifanya mimi, nilizisomea kozi ya ziada. Lakini uvimbe wa titi, tezi la shingo, ini na kongosho zinamsubiri yeye Jumamosi, na ukija Jumanne nitakwambia urudi hata kama una pesa mkononi. Tunapoteza wateja kwa hilo, najua. Pia yapo asiyoyagusa. Picha ya ubongo wa mtoto mchanga anampelekea mwenzake anayeshughulika na watoto, na anaandika hivyo kwenye ripoti. Kuchukua kinyama kwenye ini au kuzibua mirija ya nyongo kwa sindano ni kazi ya mabingwa wa radiolojia tiba, ambao sasa wanafundishwa hapa hapa nchini, Muhimbili. Huko ndiko anakowaelekeza.

Na kazi yake nyingine ni kukataa. Mwezi jana binti wa miaka 22 aliletwa kwa eksirei ya kiuno, maumivu ya siku tatu. Kwenye fomu kulikuwa na neno "kiuno" na saini, basi. Nikamuuliza siku zake, akasema zimechelewa wiki mbili. Nikampigia daktari. Akaongea na daktari aliyemtuma, eksirei ikaachwa, tukafanya utrasaundi. Kulikuwa na ujauzito, na ulikuwa nje ya mfuko wa uzazi. Alipasuliwa jioni ile, yuko salama.

Kwa hiyo mkumbusheni anayewaandikia fomu aandike zaidi ya neno moja: unaumwa nini, tangu lini, uliwahi kupasuliwa, unatumia dawa gani. Ripoti nzuri huanzia hapo. Ukipokea ripoti, yetu au ya kituo kingine chochote, tazama chini kama kuna jina kamili la daktari na namba yake ya usajili. Madaktari wote wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Sisi radiografa tuna baraza letu. Na mashine ya eksirei lazima iwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Uliza uonyeshwe. Hapa kwetu hakuna atakayekununia.

Mzee wa Turiani alisubiri. Ripoti ilitoka saa nane na nusu, mapema kidogo kuliko tulivyomwahidi: mapafu hayana kifua kikuu, ila moyo umepanuka, apimwe shinikizo la damu na kufanyiwa utrasaundi ya moyo. Alikuja kwa kikohozi. Mjukuu akaipiga picha ile karatasi, mzee akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati, wakaondoka kuelekea stendi ya Msamvu.

Jumamosi hii daktari yupo kuanzia saa tatu asubuhi. Anayekuja kupimwa tumbo asile kitu kuanzia saa sita usiku wa Ijumaa ili mfuko wa nyongo uonekane; maji matupu ruksa. Anayepimwa nyonga anywe maji mengi saa moja kabla, asiende chooni. Na kama una filamu ya zamani kabatini, hata ya miaka kumi, njoo nayo. Kioo cha taa tumekitunza kwa ajili hiyo.