Mhariri, umbali wa kwaza andikeni "inakadiriwa"

Mhariri salaam,

Mimi kurasa za sayansi huwa naanza nazo hata kabla ya mpira, ila hili la umbali wa kwaza (quasar, yale mashimo meusi makubwa yanayomeza gesi katikati ya galaksi za mbali na kung'aa kupita kiasi) linanikera, mnaandika wanasayansi "wamepima" afu mnatupa namba moja basi, wakati mara nyingi hakuna aliyepima, watu wamekadiria kwa rangi.

Kupima kwenyewe ni kule kwa mwanaastronomia Maarten Schmidt mwaka 1963, aliuchambua mwanga wa kwaza iitwayo 3C 273 akakuta mistari ya haidrojeni (zile rangi maalum inazotoa gesi hiyo) imesogea kuelekea wekundu kwa karibu asilimia 16, na kadiri inavyosogea ndivyo kwaza ilivyo mbali, hapo huna ubishi. Shida inakula muda na kwaza zenyewe ni nyingi mno. Mradi wa Sloan wa kupiga picha anga kule New Mexico, Marekani, umechambua hivyo zaidi ya 700,000 na bado kwenye picha zake zimebaki kibao, sasa hizo wanaangalia tu mwangaza kwenye filta tano (vichujio vya rangi) wanalinganisha na zile ambazo umbali wake unajulikana. Ni kama kukisia umri wa mtu kwa picha, mara nyingi unapatia ila sio cheti cha kuzaliwa.

Na utamu uko hapa. Kwaza ina mistari michache inayong'aa kweli kweli, lakini filta ni pana, haikwambii ni mstari upi umeingia. Ule wa magnesiamu ukisogea kwa asilimia 80 unaangukia kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi, na ule wa kaboni ukisogea kwa asilimia 220 unaangukia hapohapo! Kompyuta inaona rangi karibu zilezile, inabaki na majibu mawili, mwanga umesafiri miaka bilioni 7 hivi au karibu bilioni 11. Wataalamu wenyewe wanatoa yote mawili na uwezekano wa kila moja, likifika gazetini limebaki moja, na mie nahisi huwa ni lile kubwa maana ndio linauza.

Sio kwamba naidharau njia hii, bila hiyo tungekwama, hasa sasa hivi darubini ya Rubin kule Chile na kamera yake ya megapikseli 3200 inaenda kupiga anga la kusini miaka 10 kwa filta sita, na yenyewe haina kabisa chombo cha kuchambua mistari. Kwa hiyo hizi namba za kukadiria zitakuja nyingi tu.

Basi yakiwepo majibu mawili tupeni yote jamani, nafasi mnayo, punguzeni ile michoro ya kubuni inayokula nusu ukurasa.

Msomaji wenu,
Morogoro