Meli iliyochorwa kwa kuiga feri

Sahibu yangu Athumani,

Salamu nyingi, uwafikishie na mama watoto. Huku hatujambo.

Uliuliza ile Canterbury ya jeshi la New Zealand ni manowari au ni feri. Bwana, ni vyote viwili. Mchoro wake umetokana na Ben-my-Chree, feri ya Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ayalandi. Bodi lake liliundwa Uholanzi, likamaliziwa Australia, na meli ikaanza kazi Juni 2007. Ina urefu wa mita 131, na mzinga wake mkubwa ni wa milimita 25 tu, kwa hiyo ya kupigana hiyo si kazi yake. Yenyewe hubeba askari 250, magari ya deraya na helikopta, kisha huvishusha pasipo na gati.

Hapo ndipo utakapopapenda wewe. Sitahani zipo boti mbili kubwa bapa, na kreni mbili za tani 60 kila moja. Boti ikishateremshwa majini huja kujibana tezini, yaani nyuma ya meli, mlango wa tezi unalazwa juu yake, lori linajiendea lenyewe mpaka ndani, halafu boti inakwenda kulitua ufukweni. Lakini bahari ikichafuka, hakuna kazi.

Novemba 2016 tetemeko la 7.8 lilifunga barabara na reli za mji wa Kaikoura, huko huko New Zealand. Canterbury ikaenda, ikaondoa zaidi ya watu 400 safari ya kwanza, ikawapeleka bandari ya Lyttelton. Mimi naona kwa siku moja kama ile tu imeshalipa gharama yake.

Ila haikuanza vizuri. Boti zake za uokozi ziliwekwa kwenye vishubaka ubavuni, karibu mno na maji; mwaka ule ule wa 2007 wimbi likang'oa moja, na Oktoba boti nyingine ikapinduka, baharia mmoja akafariki. Uchunguzi wa 2008 ukasema kasoro zipo, ila zinarekebishika.

Na walishaonywa! Miaka ya tisini walinunua meli ya mizigo, wakaiita Charles Upham. Ikiwa tupu iliyumba vibaya, hata wakaikodisha kwa Wahispania ikawa inabeba machungwa, mwishowe wakaiuza.

Sasa nijibu: feri yenu ikirudi Unguja bila magari wakati wa kusi, nahodha huongeza farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, au abiria hutapika tu?

Wako,
Jumbe