Barua kwa mwanangu: huo usawa wenu anaulipia nani?

Mwanangu,

Ulinipigia ukanambia kwa mbwembwe kwamba nyie hamgombanii vyombo, wewe na mkeo wote mnatoka asubuhi kwenda kazini, kwa hiyo kwenu usawa upo. Nikauliza sasa hivyo vyombo anaosha nani, ukasema ah mama, si kuna dada wa kazi. Basi nakuandikia kuhusu huyo dada.

Nyumba isiyo na hela mke ndo anabeba yote, anatoka kazini anaanza kazi nyingine, kufua, mtoto, mgonjwa. Shirika la Kazi Duniani lilipiga hesabu mwaka 2018 likakuta zaidi ya robo tatu ya kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa zinafanywa na wanawake. Sasa hela ikiingia mnajiona mmemaliza tatizo, kumbe kazi haijaja kwako hata kidogo, imetoka kwa mkeo ikaenda kwa mwanamke mwenye shida kuliko yeye. Wewe ulikuwa kwenye kochi na bado upo kwenye kochi.

Na hata dada akiwepo, tarehe ya chanjo anaikumbuka nani? Dada akiumwa nani anaomba ruhusa ofisini? Mkeo. Bosi wake anaona huyu kila mara ana udhuru, cheo kikija anapewa mwanaume, mshahara wako unaupita wake, halafu siku mkibanwa mnakaa mnapiga hesabu na hesabu inasema anayepata kidogo ndo aache kazi. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyemuonea mwenzake, ni hesabu tu eti. Hiyo ndo inaniuma kuliko ugomvi, maana ugomvi ungeusikia.

Turudi kwa dada. Anapofanya kazi ndo hapohapo anapolala, saa ya kutoka kazini hana. Mkataba namba 189 wa mwaka 2011 wa hilohilo Shirika la Kazi, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, unasema apumzike saa 24 mfululizo angalau kila wiki, na duniani wapo zaidi ya milioni 75 kama yeye, wengi wao wanawake na wengi hawana hata karatasi ya ajira. Wanawe je? Kawaachia mama yake, au binti yake mkubwa ambaye huenda ndo kaacha shule alee wadogo zake. Na akionewa watu watasema mama mwenye nyumba ana roho mbaya, wewe baba mwenye nyumba hutajwi popote!

Sisemi mumuachishe, wanawe watakula nini. Mumwandikie mkataba, siku ya kupumzika iwe yake kweli, sio ile ya "nishikie mtoto kidogo tu". Na siku hiyo usimwachie mkeo kila kitu, chukua kazi zako kabisa, chanjo ziwe zako, kufua kuwe kwako, ukisahau lawama zako.

Jumapili nikipiga nipe dada kwanza niongee naye, nataka anambie mwenyewe mara ya mwisho kwenda kuona wanawe ilikuwa lini.

Mama yako