Sanamu ya nta haitoki wikiendi moja jamani

Inbox imejaa, "nifanyieni mzee wangu kwa nta kama zile za London, nitapitia Jumamosi". Ngoja tuelezane kazi ilivyo, bei utaielewa yenyewe.

Nta huichongi toka mwanzo kama mninga. Sura inafinyangwa kwa udongo kwanza, kubwa kidogo kuliko kichwa halisi maana nta ikipoa inasinyaa, halafu udongo unafunikwa plasta vipande vipande mpaka upate kalibu (umbo la kumiminia), ndo unayeyusha nta ya nyuki ishachanganywa na rangi ya ngozi unamimina, unasubiri ile ya pembeni ishike, ya katikati ambayo bado majimaji unaimwaga. Kichwa kinabaki na uwazi ndani, macho ya kioo yanapachikwa kutokea huko huko.

Nywele sasa! Sindano ya moto, unywele mmoja mmoja, ukifuata upande zinakoota, nyusi hivo hivo, ndevu kama anazo. Hapo wiki zinakatika na fundi shingo inauma.

Na sio mambo ya juzi. Marie Tussaud, mwanzilishi wa zile sanamu za London, alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, 1761, kazi alifundishwa na Philippe Curtius, daktari aliyeanza na viungo vya mwili vya nta, na 1777 huyo binti akatengeneza sura ya Voltaire, mwandishi maarufu wa Ufaransa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, kwa simulizi yake mwenyewe, alikuwa analetewa vichwa vilivyokatwa avichukue sura (sisi hiyo oda hatupokei). Uingereza alifika 1802, akazunguka na maonyesho miaka na miaka, London akatulia Baker Street 1835.

Tatizo la huku ni joto. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 ila inalegea mapema zaidi, sebule ya Dar mwezi wa pili, umeme umekatika, jua la dirishani limempiga mzee, taratibu sura inaanza kupotea. Kwa hiyo ya nyumbani tunashauri faiba au silikoni, nta tunafanya kama una chumba chenye AC muda wote.

Ukiwa tayari tuma picha za mbele, kulia, kushoto na kisogo, bila filta tafadhali, na kama mzee yupo mlete tumpime, picha ya kitambulisho peke yake haitoshi.