Barua ya Wazi kwa Waziri: Msimkate Mwanangu kwa Sababu Mamake Anauza Mahamri

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii,

Salamu kutoka Likoni. Nakuandikia hadharani kwa sababu nimechoka kuambiwa mlangoni "rudi wiki ijayo".

Mimi ni mama wa kijana mwenye mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, hali mpaka alishwe. Aliandikwa kwenye Inua Jamii, zile pesa za Serikali kwa wasiojiweza, katika mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa ulioanzishwa mwaka wa 2011, na mimi ndiye mlezi ninayempokelea shilingi 2,000 kwa mwezi. Wewe wajua haziji kila mwezi. Hukaa, kisha huja kwa mkupuo, na wakati huo deni la dukani lishakuwa aibu.

Juzi walikuja mtaani kuhakiki majina, vijana wawili na mzee wa mtaa. Wakaangalia bati, wakaangalia sakafu, wakauliza kama nina friji. Kisha mmoja akaliona karai langu limeegemezwa ukutani. "Mama, kumbe una biashara. Hizi pesa ni za wasiojiweza." Nikamwambia, mwanangu, asiyejiweza ni huyo aliyelala nyuma yako. Hakugeuka. Akabonyeza simu yake, wakaenda zao. Sasa wenzangu wamelipwa, sisi hatujaona kitu.

Biashara yenyewe ni hii: unga naukanda usiku, saa kumi alfajiri niko jikoni, nauza mahamri na mbaazi kwa wanaowahi feri. Saa mbili lazima niwe nimefunga, kwa maana kijana akiamka ni kumgeuza, kumsafisha na kumbadilisha nepi. Nikichelewa analalia mkojo, ngozi ya mgongo inachubuka, na kidonda kile kupona ni kazi. Nikitoa unga, mafuta na makaa, kinachobaki ni chakula cha siku. Mvua ikinyesha, hakuna.

Bado dawa za kifafa. Bado nepi za mtu mzima. Bado tuktuk ya kumvusha hadi hospitali ya Makadara kwa mazoezi ya viungo, kwa sababu mtu mzima wa kubebwa matatu hazimtaki.

Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku 30, hazifiki 67 kwa siku. Kiasi hicho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi, na bei za dukani hazikutusubiri. Mheshimiwa, ni mlezi gani atakayeishi kwa hizo bila kushika kazi?

Nahisi kwenye ile simu pana swali la kipato, na likijibiwa "ndiyo" jina linatupwa nje. Au kuna jirani alitia neno. Au wanatafuta nafasi za kuingiza wapya. Vyovyote iwavyo, hofu imeshaenea. Bibi mmoja hapa mtaani, anayepokea pesa za wazee za Inua Jamii hiyohiyo, amehamishia makuti yake anayosuka kwa bintiye ili yasionekane. Mpango huo wa wazee ulipofunguliwa mwaka wa 2018 kwa kila aliyetimiza miaka 70, tuliambiwa sharti ni usiwe na pensheni. Tangu lini makuti yakawa pensheni?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kijana wangu hana meza wala karai. Mwenye karai ni mimi, na nisipokaanga hatuli. Mwaka wa 2022 mama mboga alitajwa kwenye kila jukwaa, tukaahidiwa uchumi utajengwa kuanzia chini. Mimi ndiye huyo wa chini. Nimefanya kazi kama mlivyonitaka, na kazi ndiyo imemponza mwanangu.

Naomba mtuambie kwa maandishi ni kipato gani kinachomwondoa mtu, na karatasi ibandikwe kwa chifu kila mmoja aisome. Naomba wanaohakiki wamtazame mgonjwa kabla ya kutazama vyombo. Naomba mtu asikatwe kabla hajaitwa akasikizwa.

Na kama hayo yote ni mengi, basi moja tu. Mrudishe mwanangu kwenye orodha, Mheshimiwa, na malipo yaliyozuiliwa yaje. Dawa za kifafa hazingoji uhakiki. Mrudishe.

Wako kwa heshima,
Mama na mlezi, Likoni, Mombasa