Barua kwa rafiki kuhusu fyuzi ya taa ndogo inayoungua kila mara

Dar es Salaam

Kwako Baba Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto hapo Tanga. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma yote, na kwa kuwa umeeleza dalili za hiyo Corolla kwa makini kuliko wengi wanaolifikisha gari lenyewe mlangoni kwa fundi, nitakujibu kwa urefu. Lakini kuna jambo moja lisiloweza kungoja mwisho wa barua: itoe leo hii ile fyuzi ya kijani ya ampea 30 uliyowekewa, na kama huna ya buluu ya ampea 15, acha nafasi yake ikae tupu na usiendeshe gari usiku.

Fundi aliyekuwekea hiyo ya kijani alidhani kwamba fyuzi ndiyo dhaifu. Fyuzi haikuwekwa ili kuilinda balbu, imewekwa ili kuulinda waya, na waya wa taa ndogo ni mwembamba. Watengenezaji walichagua ampea 15 ili fyuzi ikatike kabla waya haujapata moto wa kuyeyusha ganda lake. Ukiongeza ampea bila kuongeza unene wa waya, umeugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, nao utaungulia chini ya zulia, mahali usipopaona. Harufu ya plastiki ambayo shemeji aliisikia siku ile mlipotoka sokoni haikutoka barabarani. Alichofanya fundi ni sawa na kumziba mdomo mlinzi wa usiku kwa sababu kelele zake zinawanyima watu usingizi.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo itakayotuonyesha pa kutafuta. Kwenye mzunguko huo wa taa ndogo una balbu mbili za nyuma, ambazo zina nyuzi mbili ndani, ule wa breki wa wati 21 na ule wa taa ndogo wa wati 5, ambao ndio pekee tunaouhesabu hapa; una balbu za mbele za wati 5 kila upande, moja au mbili za namba ya gari, na vijibalbu vya dashibodi. Jumla yake haifiki mbali na wati 40, na ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 3 na kidogo. Fyuzi ya 15 inaweza kuubeba mzigo huo mara nne. Kwa hiyo tusipoteze muda kuzungumza juu ya taa kuwa nyingi: mahali fulani waya wenye umeme unagusa bodi ya gari, yaani kuna shoti, na kwa kuwa fyuzi mara nyingine hukaa wiki nzima kabla ya kuungua, shoti hiyo inakuja na kuondoka.

Umeniambia pia kwamba fundi wa pili alitoa fyuzi, akapima kwa mita, mita ikalia kuonyesha kwamba umeme una njia ya kupita, naye akatangaza kwamba nyaya zote zimeharibika na gari linahitaji kusukwa upya. Usimpe kazi hiyo. Uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, yaani hauuzuii umeme sana, kama sehemu moja ya kumi ya ule ulio nao ukiwa umewaka, na balbu sita au saba zilizounganishwa sambamba zitaifanya mita ilie hata kwenye gari jipya kabisa. Kipimo cha namna hiyo hakina maana mpaka balbu zote ziwe zimetolewa.

Kabla ya kugusa chochote, zitazame fyuzi zilizoungua, kama hukuzitupa. Ikiwa ndani ya plastiki kuna weusi na matone ya chuma yaliyoruka, iliungua kwa kishindo, na hiyo ni shoti kamili. Ikiwa uzi umekatika katikati bila masizi, ilizidiwa polepole. Ikiwa ni miguu tu iliyobadilika rangi na plastiki ya pembeni imelainika, basi kisanduku cha fyuzi hakishiki vizuri, na hilo ni tatizo jingine kabisa. Nami nitashangaa usipokuta ule weusi.

Nikikisia kutokana na maelezo yako, shoti iko kwenye mlango wa nyuma, ule wa buti unaofunguka kwenda juu. Umesema fyuzi haiungui ukiwa mjini peke yako, bali baada ya kupakia au kushusha mizigo. Taa ya namba kwenye gari la aina hiyo iko kwenye mlango huo, kwa hiyo waya wa taa ndogo unapita darini, unaingia ndani ya mpira wenye mikunjo karibu na bawaba, na kila mlango unapofunguliwa unapindwa. Waya wa gari la miaka ya 1990 umepindwa maelfu ya mara, ganda la waya limekauka, na pale lilipopasuka shaba inagusa chuma. Vuta mpira huo pande zote mbili, usukume nyuma, uzitazame nyaya moja baada ya nyingine huku ukizipinda kwa vidole. Mtu akitazama kwa juujuu haoni kitu, kwa sababu ufa huweza kujifunga mlango ukiwa wazi.

Kama macho hayakuridhika, tumia balbu. Chukua balbu ya wati 21, uiunge nyaya mbili zenye vichwa bapa vinavyoingia pale fyuzi inapokaa, kisha toa balbu zote za taa ndogo, za mbele, za nyuma na za namba, halafu washa swichi. Balbu hiyo haitapitisha zaidi ya ampea 2 hata kukiwa na shoti, hivyo hakuna kitakachoungua na hutamaliza fyuzi za duka zima. Ikiwaka hafifu, ni vijibalbu vya dashibodi vinavyovuta umeme. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti iko hai wakati huohuo. Mweke kijana wako aitazame, nawe ufungue na kufunga mlango, utikise nyaya za buti, ubonyeze zulia pembeni. Atakapopiga kelele, usiondoe mkono wako hapo ulipo. Ikiwa inawaka muda wote, chomoa soketi za nyaya moja baada ya nyingine kuanzia nyuma. Soketi itakayoizima ndiyo inayokuonyesha tawi lenye ugonjwa.

Ukiukuta waya uliochunika kwenye bawaba, fungua kwanza kichwa cha hasi cha betri, na usiridhike na kuufunga tepu. Wala usiupige lehemu hapohapo, kwa sababu lehemu huufanya waya kuwa mgumu na utakatika tena kandokando ya kiungo. Kata mbali, ndani ya bodi upande mmoja na ndani ya mlango upande wa pili, halafu pitisha waya mpya laini wenye nyuzi nyingi kwenye mpira, viungo vikae mahali pasipopindika. Fanya hivyo kwa nyaya zote za fungu lile, ya waipa na ya kuondoa ukungu pia, maana zina umri mmoja. Kata moja, unga, ndipo uende kwenye nyingine, ukiepuka viungo kukutana mahali pamoja. Nyeupe yenye mstari mweusi kwa Toyota kwa kawaida ni ethi, yaani waya unaorudi kwenye bodi.

Wakati mlango uko wazi, kagua na holda za balbu za nyuma. Kwa hewa yenu ya bahari sitashangaa ukikuta kutu ya kijani, nayo huharibu mguso mpaka unapata joto linaloyeyusha plastiki polepole. Fyuzi nunua kwa muuzaji unayemwamini, kwani zile za rundo la bei ya chini nyingine zina uzi mnene kuliko namba iliyoandikwa juu yake.

Iwapo balbu ya kupimia itaendelea kuwaka kwa nguvu hata soketi zote za nyuma zikiwa zimechomolewa, usifungue dashibodi kabla hujaniandikia. Hapo nitataka kujua ni nani aliyeifunga ile redio yako mpya na waya wake wa mwanga ameuunga wapi, kwa sababu huungwa kwenye mzunguko huuhuu, na mara nyingi huachwa ncha wazi nyuma ya redio.

Wako,
Baba Idrisa